Shajara ya mradi: kuhubiri mwaka mzima kwa kalenda ya Kanisa (Mwaka C, mwaka wa Luka)

Oktoba 2024, kabla hatujaanza

Naweka hii hapa kwa sababu wenzetu wa makanisa ya jirani wanauliza kila siku mnafanya nini huko, basi nitakuwa naandika kidogo kidogo kadiri tunavyoenda. Sisi ni wahubiri walei (si mapadri) wa Anglikana huku Muheza, Tanga. Padri anazungukia makanisa mengi, kwetu anafika kwa Misa pale zamu yetu inapofika, Jumapili nyingine zote ni Sala ya Asubuhi na mahubiri ni sisi wenyewe.

Sasa shida ni kwamba kila mhubiri alikuwa anakuja na somo lake kwapani. Yule anapenda Zaburi, yule Ufunuo, na kuna kipindi tulisikia Malaki 3 Jumapili tatu mfululizo, zaka, zaka, zaka, mpaka mama mmoja akauliza kama kanisa linadaiwa. Halafu kuna hili jambo la rangi. Kitambaa cha madhabahu kinabadilishwa vizuri kabisa kufuata majira ya Kanisa, zambarau, nyeupe, nyekundu, kijani, hiyo tumerithi toka enzi za wamisionari wa UMCA (misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza) pale Magila na wazee wetu hawakosei hata siku moja. Ila mhubiri anayesimama mbele ya hicho kitambaa anaongea mambo ambayo hayahusiani kabisa na rangi aliyoipa mgongo.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio (zile wiki nne kabla ya Krismasi), 1 Desemba 2024, tunafuata ile orodha ya masomo ya miaka mitatu ambayo makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani yanaitumia tangu 1992, na yenyewe ilijengwa juu ya ile ya Wakatoliki ya 1969. Mwaka A ni Mathayo, B Marko, C Luka. Yohana hana mwaka wake, anaingia zaidi Kwaresima na Pasaka. Tunaanzia C, ni Luka.

Kanuni ziko mbili tu. Hakuna kubadilisha somo kwa sababu hulipendi. Na unahubiri siku uliyopewa, usiirukie sikukuu ambayo bado haijafika. Alhamisi mhubiri anatuma voisi fupi kwenye grupu la WhatsApp anasema ameona nini kwenye somo, wengine wanamuuliza maswali.

Mzee mmoja hakufurahi. Akasema mnataka kumfunga Roho Mtakatifu kwa ratiba? Nikamjibu kwamba hata Yesu pale Nazareti, Luka 4, hakuchagua kitabu, alipewa chuo, yaani kitabu, cha Isaya. Mzee akacheka akaniambia endelea kusoma mwanangu, alipewa chuo lakini mahali pa kusoma alipatafuta mwenyewe. Hapo sikuwa na jibu la haraka. Amekubali kushiriki, ila ameomba aandikwe kwamba amekubali huku anatazama.

Majilio

Jumapili ya kwanza somo ni Luka 21, ishara katika jua na mwezi na nyota, watu wakivunjika mioyo kwa hofu. Watu walikuja wakitegemea habari za mtoto Yesu, maana huko madukani nyimbo za Krismasi zimeanza siku nyingi, wakakutana na mwisho wa dunia. Baada ya ibada nilisikia mtu anauliza nje, hivi leo tumekosea kitabu? Hatujakosea. Majilio yanaanzia huko, kwenye kuja kwake kwa pili, ndo baadaye yanarudi nyuma mpaka Bethlehemu. Mi mwenyewe naona ndo mpangilio wenye akili kuliko ule wetu wa zamani wa kuhubiri hori la ng'ombe mwezi mzima, ukifika tarehe 25 huna tena cha kusema.

Jumapili ya pili na ya tatu ni Yohana Mbatizaji, na ya tatu ndo ilikuwa tamu. Luka 3, "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu." Ukisema hivyo Tanga hakuna anayehitaji maelezo, kila mtu anajua kabatini kwake zimo ngapi. Halafu watoza ushuru wanauliza na sisi tufanye nini, wanaambiwa msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa, askari nao wanaambiwa mtoshewe na mshahara wenu. Kwenye mabenchi yetu wako watu wa ushuru wa soko, yuko mgambo, na mhubiri wa siku hiyo ni binti wa kazi ya ushonaji ambaye peke yake asingethubutu kuwagusa. Alivyomaliza akasema, mimi sikulichagua hili somo. Watu wakacheka, lakini ujumbe ulishafika.

Vita kubwa ilikuwa kwaya. Wamefanya mazoezi ya Krismasi muda mrefu, wana sare mpya, wanataka kuimba wiki ya pili ya Desemba. Tumebishana sana. Mwisho tumekubaliana nyimbo za Majilio mpaka mkesha, halafu kuanzia mkesha wa Krismasi mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi, 6 Januari, uwanja ni wao, hata sikukuu ya Stefano tarehe 26 na ya Watoto Watakatifu (waliouawa na Herode) tarehe 28 kama wana nguvu. Mwalimu wa kwaya alivyopiga hesabu akaona kumbe amepata siku nyingi kuliko alizokuwa anaomba.

Januari hadi Machi 2025

Nitapita haraka hapa maana ilienda vizuri. Jumapili ya 29 Desemba kanisa lilikuwa nusu, wengine wamelala, wengine wako kwenye mabasi, na somo ni Luka 2, wazazi wanarudi kutoka kwenye sikukuu wanakuja kugundua mtoto wamemwacha Yerusalemu. Mhubiri alisema mambo machache tu kuhusu sikukuu ambazo tunaondoka nazo na mizigo yote isipokuwa mwenye sikukuu. Fupi, safi.

Februari ilikuwa ngumu kwa sababu ya Luka 6. Mathayo anasema heri walio maskini wa roho, Luka anasema heri ninyi mlio maskini, basi, halafu anaongeza ole wenu mlio na mali. Kwenye grupu kulikuwa na jitihada kubwa za kumleta Mathayo aje amwokoe Luka. Tukakataa. Mwaka wa Luka ni wa Luka, Mathayo zamu yake inakuja.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Mwaka huu Ramadhani imeanza siku chache tu kabla ya Kwaresima yetu, kwa hiyo mji mzima umefunga pamoja. Jirani yangu alinikuta natoka kanisani na majivu kipajini, yeye yuko mbioni kutafuta kachori za futari, akaniuliza, na nyie mmeanza? Nikamwambia tumeanza sheikh wangu. Akasema basi safari hii hakuna wa kumtamanisha mwenzie.

Somo la siku hiyo lina utani ndani yake ambao huwa hatuusemi. Mathayo 6 inasema ukifunga jipake mafuta kichwani, nawa uso, watu wasijue umefunga, na dakika chache baadaye tunapanga foleni kupakwa majivu usoni. Mhubiri hakulikwepa. Alisema majivu yanakuambia wewe "u mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi", hayamwambii jirani kwamba wewe ni mtakatifu, na kama unaona umeanza kuringa nayo basi pita bombani kabla hujafika barabarani. Naona hilo ni jibu zuri kuliko mengi niliyosikia. (Majivu yenyewe ni ya majani ya mnazi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, tunayachoma wenyewe nyuma ya kanisa.)

Vijana waliuliza kwa nini siku ni arobaini wakati ukihesabu toka Jumatano hii mpaka Jumamosi Kuu unapata 46. Ni kwa sababu Jumapili sita hazihesabiwi, kila Jumapili ni siku ya ufufuo hata katikati ya Kwaresima. Wakauliza tena, kwa hiyo Jumapili soda ruksa? Tukaliacha hilo lijibiwe na wazazi.

23 Machi, Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Hii nataka niiandike vizuri. Somo ni Luka 13, wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anauliza, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Na mwezi Novemba 2024, wiki mbili tu kabla hatujaanza mradi huu, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo watu wakiwa ndani, wengi wakapoteza maisha. Wakati ule watu walisema mengi, wengine wakaanza kutafuta dhambi, biashara ya Jumamosi, ushirikina, sijui nini. Tanga na Kariakoo ni mtu na ndugu yake, wafanyabiashara wetu wanafuata mzigo kule kila wiki.

Mhubiri alilitaja jengo mara moja tu mwanzoni, halafu akasoma jibu la Yesu taratibu, "Nawaambia, Sivyo". Akakaa hapo kwenye Sivyo. Hakuwapa watu sababu ya jengo kuanguka. Akaendelea na mtini usiozaa, yule mtunza shamba anayeomba mti uachwe mwaka mmoja zaidi aupalilie na kuutilia samadi. Watu wa Muheza wana michungwa ya zamani ambayo kila msimu mtu anajiuliza ang'oe au aache, kwa hiyo waliokuwa wanasikiliza nusu nusu wakageuka wote. Yaani kama tungekuwa tunachagua wenyewe, nani angechagua Siloamu? Hakuna. Na watu walikuwa na hilo swali toka Novemba.

Wiki iliyofuata ilikuwa mwana mpotevu, na Eid imeangukia siku hizo hizo, ndama aliyenona na pilau vikakutana. Sikuwa na lolote la kurekebisha.

Juma Kuu, 13 hadi 19 Aprili

Masika yamekolea, barabara ni tope, bodaboda wamepandisha bei. Matawi tulianzia nje kwa mwavuli.

Ijumaa Kuu huwa tunafanya ibada ya masaa matatu, toka saa sita mchana mpaka saa tisa, Maneno Saba ya msalabani, kila neno na mhubiri wake. Matatu yanatoka kwa Luka, matatu kwa Yohana, na moja, lile la "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", linapatikana kwa Mathayo na Marko. Miaka yote ibada hii ilikuwa inaharibika kwa njia moja: mhubiri wa neno la kwanza anamaliza na ufufuo, wa pili anamaliza na ufufuo, tukifika neno la nne Yesu ameshafufuka mara tatu na bado yuko msalabani. Watu wanapiga makofi na haleluya saa saba mchana Ijumaa Kuu.

Safari hii kanuni ya pili ilibanwa kabisa. Unakaa ndani ya neno lako. Aliyepewa "Naona kiu" anaongea habari za kiu. Aliyepewa "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" haruhusiwi kwenda mbele ya jioni ile. Kwenye grupu kulikuwa na malalamiko, kwamba tutawaacha watu bila tumaini, kwamba wengine hawatarudi Jumapili, kwa hiyo lazima wapewe yote leo leo. Hoja ya pili ina uzito na nilifikiria sana juu yake. Lakini mtu aliyefiwa juzi na anakuja kukaa na Mariamu chini ya msalaba, ukimkimbiza mpaka kaburi tupu ndani ya dakika kumi, umemwambia kwamba msiba wake unakuchosha.

Neno la nne alipewa kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mdogo kuliko sisi wote. Alisoma Marko 15:34 na ile sauti ya Kiaramu, "Eloi, Eloi, lama sabakthani?" Akaeleza kwamba ni mstari wa kwanza wa Zaburi 22. Mi nikajua sasa ataenda mwisho wa zaburi, kwenye sifa, maana ndo njia inayotumiwa na kila mtu kutoka hapo. Hakwenda. Akasema Yesu aliuliza na Marko hakuandika jibu, na kama kuna mtu humu ndani ameuliza swali hilo mwaka huu hajatenda dhambi, ametumia maneno ya Bwana wake. Akashuka. Mahubiri yote labda dakika tano, mvua inapiga bati, na kwaya walichelewa kuanza wimbo kwa sababu hakuna aliyetegemea angeishia hapo.

Yule mzee wa Roho Mtakatifu na ratiba alikuja jioni akamshika mkono kijana. Hakusema lolote juu ya ratiba, na mi sikumuuliza.

Mkesha wa Pasaka tuliwasha moto mpya barazani kwa ajili ya mvua. Mshumaa, Mwanzo 1, Bahari ya Shamu, mifupa mikavu ya Ezekieli. Haleluya ilivyoimbwa mara ya kwanza toka Kwaresima ianze, nadhani walisikia hadi stendi.

Pasaka, 20 Aprili

Pasaka mwaka huu imeangukia siku moja kwa Makanisa ya Magharibi na ya Waorthodoksi, jambo ambalo halitokei kila mwaka, na ni mwaka wa 1700 toka Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa 325 ambao uliamua Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja. Nimewaeleza vijana namna ya kuipata: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaokuja 21 Machi au baada yake, ndo maana inacheza kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Hesabu za kanisa zina ujanja wake kidogo lakini kwa kijijini hiyo inatosha.

Mahubiri aliyatoa mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Luka 24: wanawake wanarudi kaburini na habari, mitume wanaona maneno yao "kama upuzi". Sihitaji kueleza alivyokitumia hicho kipande. Wanaume tulikaa kimya kwa adabu.

Jumatatu yake tukasikia Papa Francis amefariki. Majirani zetu Wakatoliki walikuwa bado kwenye furaha ya Pasaka, tukawaombea kwenye sala za Jumapili iliyofuata.

Siku hamsini

Hapa mradi umepata kazi ngumu kuliko Kwaresima. Pasaka kwenye kalenda ni siku hamsini, mpaka Pentekoste. Kwetu ilikuwa siku moja, na Jumatatu kwa wenye pilau iliyobaki. Kufunga siku arobaini tunaweza, kufurahi hamsini hatujui tufanyeje. Mahudhurio yakashuka, mvua, palizi, uchovu.

Masomo lakini yamekaa vizuri kwa hali hiyo. Jumapili ya pili kila mwaka ni Tomaso, yaani mtu aliyekosa ibada ya Pasaka, na wiki ya tatu ni Yohana 21, Petro anasema nakwenda kuvua samaki, amerudi kazini kwake kama sisi tulivyorudi mashambani. Yesu anawafuata huko huko ziwani na moto wa makaa na samaki. Tulichofanya ni kuacha kuwagombeza waliokuja kwa ajili ya wasiokuja. Hiyo peke yake imebadilisha hewa.

Kupaa, Alhamisi 29 Mei, walikuja watu wachache sana. Sina zaidi.

Pentekoste, 8 Juni, nyekundu kila mahali. Matendo 2 tuliigawa, vipande vikasomwa kwa Kibondei, Kisambaa, Kizigua, Kidigo na Kiswahili. Bibi wa Kibondei aliyesoma mwanzo hajawahi kusimama kusoma kanisani maana Kiswahili cha Biblia kinamshinda, akasoma kwa kukariri bila hata kutazama karatasi aliyoandikiwa na mjukuu wake. Mhubiri alikuwa amejiandaa kurasa kadhaa, akasema nusu akaketi.

Agosti, katikati ya kijani

Baada ya Utatu Mtakatifu, 15 Juni, ni kijani tu mpaka Novemba. Wengi wanakionaga hiki kipindi kama hakina kitu, mi naanza kukipenda kuliko vyote kwa sababu unamfuata Luka mlango kwa mlango mpaka kwenye njia ya kwenda Yerusalemu: Legioni, yule mwenye mapepo, na wale nguruwe (watoto waliipenda mno), Msamaria mwema, Martha na Mariamu, rafiki wa usiku wa manane.

Halafu 3 Agosti. Tulipanga shukrani ya mavuno siku hiyo kwa sababu mahindi ya masika yameshaingia na Nane Nane iko Ijumaa yake. Orodha ikatuletea Luka 12, yule tajiri anayevunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, "Mpumbavu wewe, usiku huu wa leo wanataka roho yako!" Kamati ya mavuno ikaomba, kwa heshima zote, somo libadilishwe. Watu wanaleta magunia na kuku na mikungu ya ndizi, unawasomeaje hiyo?

Somo likabaki. Mhubiri alikuwa yule mzee, na alihesabu kwa sauti mara ngapi yule tajiri anasema "yangu": mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, mpaka nafsi yangu. Akasema hakuna mahali anapomtaja mtu mwingine hata mmoja, hana mke, hana jirani, hana kibarua, anaongea na nafsi yake peke yake. Kisha akageukia ile mizigo mbele ya madhabahu akaomba sehemu isiingie mnadani, iende moja kwa moja kwa nyumba ambazo mwaka huu hazikuvuna. Mnada ukafanyika na kilichobaki, na jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa kuuzwa upya mara nyingi kiasi kwamba mwenyewe alichoka.

Yaliyobaki

21 Septemba ni Luka 16, wakili dhalimu, yaani msimamizi wa mali asiye mwaminifu, ambaye bwana wake anamsifu. Hakuna anayelitaka. Limepigiwa kura likaniangukia mimi, kwa hiyo yeyote mwenye mwanga kwenye hilo somo anitumie voisi kabla ya Alhamisi. 28 Septemba tajiri na Lazaro, anahubiri yule mwalimu. 12 Oktoba wakoma kumi, anahubiri yule binti fundi cherehani. Kristo Mfalme ni 23 Novemba na somo ni Luka 23, mfalme yuko msalabani na mhalifu pembeni yake, tumemwomba padri aje yeye.

Majilio yanaanza tena 30 Novemba na Mwaka A, Mathayo. Orodha inatakiwa iprintiwe kabla ya katikati ya Novemba, kwa herufi kubwa safari hii, wazee wamelalamika. Kwaya wameshaulizia tarehe zao.